Ukwaju Kwenye Chungu cha Mvuke

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini miguu imepungua kuvimba na unameza dawa bila kubishana na mtu. Mimi mzima huku bonde la Yaeda, ila vumbi limenishika mpaka kwenye nyusi.

Uliponiambia kwenye simu niombe uhamisho nirudi Muheza, nilikuaga haraka nikakata. Nilikuwa na hasira, wala haikuwa juu yako. Nilikikasirikia chungu.

Zahanati yetu ina chungu kimoja cha mvuke, cha kuchemshia mikasi na vibanio vya kuzalishia. Maji ya huku yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe mgumu kama saruji. Ukoko huo uliziba kitundu cha kutolea mvuke, na maungio ya vibanio yakashika kutu. Bila vifaa salama sizalishi mtu. Basi kina mama wenye uchungu nikawa nawapandisha pikipiki kwenda Mbulu mjini, kwa njia ile ya mawe matupu. Mmoja alijifungulia njiani. Yeye na mtoto walipona, lakini mimi nililia.

Nilisugua kwa majivu na mchanga kama ulivyonifundisha. Mama, majivu yako yanatoa masizi ya nje tu! Ukoko haukutikisika, nikaambulia malengelenge.

Jumapili moja sufuria zote zilikuwa chafu, nami kwa uvivu wangu nikaloweka ukwaju wa juisi ndani ya birika la chai. Asubuhi juisi imejaa chengachenga nyeupe, na birika, lililokuwa na ukoko uleule, linang'aa ndani. Niliimwaga huku nacheka peke yangu.

Ukwaju huku ni wa kuokota. Nikachemsha mwingi, nikauchuja, nikamimina kwenye chungu, na vibanio nikaviloweka kwenye bakuli. Ukoko ukatoa povu, ukalainika, nikaumalizia kwa mswaki. Kitundu nikakizibua kwa sindano. Nikasuuza mpaka uchachu ukaisha. Vibanio vilivyoliwa na kutu nimevitoa kabisa, sivirudishi kwa mzazi yeyote. Kisha nikachemsha maji matupu, mwenyewe nimesimama mlangoni tayari kukimbia. Mvuke ukatoka vizuri.

Juzi akaja mke wa mfugaji mmoja, uchungu umemkolea, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Yule mama akanikazia macho.

"Nesi, huyu hapandi pikipiki. Anazalia hapa hapa."

"Ndiyo mama, anazalia hapa," nikamjibu.

Tumepata mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha zizi zima. Nimefurahi, mama, nimefurahi sana.

Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu. Msalimie baba mdogo wa dukani, na shangazi anayenitafutia mchumba mwambie apumzike kwanza.

Uhamisho siombi. Yuko mama mwingine anayekaribia kujifungua, jana alitembea kutoka kwake kuja kuniuliza kama nitakuwepo. Nimemwambia nipo.

Mwanao akupendaye,
Zaina