Maneno Niliyoyafuta Chini ya Picha ya Mama

Jumatano, 14 Mei. Ifakara.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya mwisho wa masika ambayo hayamlowanishi mtu ila yanamchosha. Umeme upo, wateja hawapo. Bi Zaituni, mwenye duka hili la steshenari ninalofanyia kazi, amekwenda kuswali na kuniachia mashine ya fotokopi. Ni saa nane kasoro mchana. Naandika sasa hivi kwa sababu nikisubiri hasira ipoe nitaandika uongo.

Na uongo nimeshaandika wa kutosha.

Nianze mwanzo, kwa utaratibu, maana ndivyo nilivyo. Mimi huchora, kwa penseli, wino na rangi za maji. Picha zangu naziweka mtandaoni, na chini ya kila picha naweka alama reli, yale maneno ya kumsaidia mtu asiyekujua aipate picha yako. Zamani nilidhani ni urembo tu. Baadaye nikaona kwamba mtu wa mbali haanzi na picha. Anaanza na neno, na neno likikosekana picha ni kama haipo.

Mwanzoni niliandika maneno ya kweli. Nilichora sheshe wawili, swala wa bonde letu, wamesimama kwenye majani ya bondeni, nikaandika: sheshe, Kilombero, Ifakara. Waliotazama walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao ni Frida, niliyesoma naye hadi kidato cha nne, ambaye hubonyeza alama ya moyo kwenye kila kitu, hata kwenye matangazo ya misiba.

Nikachukua daftari la miraba dukani. Nikapiga mistari: picha, neno, waliotazama, maoni yangu. Kila Jumamosi nilibadilisha neno moja tu, kama tulivyofundishwa maabara, kwamba unabadilisha kitu kimoja na vingine unaviacha, ndipo utajua kipi kimefanya kazi. Bi Zaituni alinikuta nimelikunjia uso daftari hilo akaniambia, "Adela, wewe ungepewa mizani ya posta, si brashi."

Nikafuta sheshe, nikaandika swala. Watazamaji wakaongezeka. Nikafuta Kilombero, nikaandika Serengeti. Wakaongezeka zaidi ya mara tano.

Sijawahi kufika Serengeti. Wale sheshe wawili nao hawajawahi.

Sikuona ubaya. Nilijiambia picha ni ileile, mstari ni uleule, mkono ni wangu. Maneno ni maneno tu.

Kisha nikamchora mama.

Mama yangu anaishi Mbingu na analima mpunga. Mwaka jana, mpunga ulipoanza kukomaa, nilikwenda kumsaidia kuamia ndege. Alikuwa juu ya dungu lake, lile jukwaa la miti ambalo mtu anasimama ili aone shamba lote. Ngazi yake ina vidato vitano, cha tatu kimelegea tangu nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa asubuhi, baridi ya bondeni bado ipo, naye amejifunga shuka jekundu la miraba alilonunua mnadani. Mkono wa kulia umeinuka na kombeo. Kwelea kwelea wanaondoka kwenye mpunga kama moshi. Nilichora palepale, nimekaa kwenye tuta, na miguu yangu ikaliwa na siafu bila mimi kuinuka.

Ni picha bora niliyowahi kuchora. Hilo nalisema bila haya.

Niliiweka na maneno haya: Mbingu, Ifakara, mpunga, dungu, mama. Wakatazama walewale, na Frida akabonyeza moyo wake. Niliumia. Nikaanza kazi yangu ya Jumamosi, neno moja baada ya jingine, hadi yote matano yakaisha. Mahali pake, kwa sababu ya lile shuka jekundu, nikaandika: Mwanamke wa Kimasai. Mfugaji. Serengeti.

Siku ile simu haikutulia. Mia nne na kitu kabla ya jua kuzama. Watu wa nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani waliichukua wakaisambaza na maneno yake. Mmoja akaeleza wenzake kwa kujiamini kabisa kwamba dungu lile ni mnara wa kuangalia simba. Sikumsahihisha. Nilimwekea moyo.

Nikawa Frida.

Mwezi wa tatu redio ikatangaza kwamba mradi mmoja wa mpunga unatengeneza kalenda ya bonde. Kila mwezi picha moja ya mkulima, na chini yake jina lake na kijiji chake. Mimi sikusikia. Aliyesikia ni mama, akanipigia kabla tangazo halijaisha.

"Adela, ile yangu ya dungu ipo?"

"Ipo, mama."

"Wapelekee. Wanasema wanaandika na jina. Waandike langu lote, na la baba yangu, wasilikate."

Jina la mama limewahi kuandikwa kwenye cheti cha ubatizo, kadi ya kura na orodha ya kikundi cha wakulima. Basi. Nilipokwenda Pasaka nikakuta amepigilia msumari ukutani, juu kidogo ya redio, na wenzake wa kwaya wakiingia ndani anawaonyesha msumari kama vile kalenda imeshaning'inia. "Hapa nitakaa mimi," anawaambia. "Mkija kuomba chumvi mtanisalimia mara mbili."

Nilipeleka picha. Jumatatu wiki hii wakanipigia kwamba imeingia kwenye zile za mwisho, nije leo saa tatu na picha yenyewe halisi. Jumatatu hiyohiyo nilifungua ukurasa wangu nikafuta Serengeti na Umasai, nikarudisha Mbingu na mpunga. Nilidhani nimesafisha.

Leo saa tatu. Chumba kimoja, meza moja, watu watatu. Bwana Festo, mkuu wao, mwenye kompyuta. Dada mmoja kutoka Morogoro anayeandika kila kitu. Na mama mmoja mtu mzima wa Mkula, anayewakilisha wakulima, amevaa kitenge na raba. Nikawaamkia shikamoo wote kwa mpigo, Bwana Festo akaitikia bila kuinua macho.

Waliishika picha kwa mikono miwili, na mama wa Mkula akacheka peke yake alipoona ngazi. "Kidato cha tatu hicho kitamwangusha," akasema. Moyo wangu ukatulia. Nikajua ameona.

Bwana Festo akasema kila picha wanaikagua mtandaoni, isije ikawa ya mtu mwingine. Akanigeuzia kompyuta.

Mama yangu alijaa kioo kizima. Mama yangu Mmasai. Mama yangu mfugaji. Mama yangu wa Serengeti, mara ishirini, mara thelathini, kwenye kurasa za watu nisiowajua. Na juu kabisa ukurasa wangu mwenyewe, wenye maneno mapya, na pembeni yake maandishi madogo kwamba yamehaririwa siku mbili zilizopita.

"Aliyeandika Serengeti ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyeandika Mbingu?"

"Ni mimi pia."

Akavua miwani. Hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniuma. Akaniuliza kama mwalimu anayetaka kuelewa tu: "Sasa dada, ulidanganya kule, au unadanganya hapa?"

Nilikuwa na daftari langu kwenye mkoba. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nikafikiri, hapa ndipo utaratibu wangu utaniokoa: kila neno lipo, kila Jumamosi ipo, wataona kwamba picha ilianza na Mbingu. Nikamfungulia ukurasa nikampa kwa mikono miwili.

Akasoma kwa sauti, ili dada wa Morogoro aandike.

"Ifakara, kumi na mmoja. Halivuti. Futa. Mbingu, tisa. Halivuti. Futa. Mpunga, kumi na wanne. Jaribu tena. Futa. Dungu, watatu. Hawalijui. Futa." Akasogeza kidole. "Mama, wanne. Halivuti. Futa."

Kalamu ya yule dada ikasimama.

Ni mwandiko wangu. Mstari wa kukatia nimeupiga kwa rula. Kwa wino mwekundu.

Mama wa Mkula akanitetea. Alisema dungu lile ni la huku, kombeo lile ni la huku, hata namna yule mama alivyojifunga shuka ni ya mtu mwenye mpunga unaoliwa na ndege. Bwana Festo akamjibu kwa upole, "Mama, mimi nakuamini. Lakini kalenda inaandika jina la mtu. Mtu akiniuliza mbona Mmasai wa Serengeti amekuwa mkulima wa Mbingu, nimwonyeshe nini? Daftari hili?"

Nilirudishiwa picha na daftari vimepangwa vizuri, kimoja juu ya kingine.

Mlangoni yule mama wa Mkula akanishika kiwiko. "Mwanangu," akasema, "kwani Mbingu ilikukosea nini?"

Nilitembea hadi dukani bila mwavuli. Njiani nilitafuta mtu wa kumlaumu. Nikaanza na Bwana Festo, nikaenda kwa watu wa nchi za mbali wasiojua dungu, nikaenda kwa mtandao wenyewe unaopenda nyekundu na simba. Kila mmoja ana lake. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeshika rula.

Nakiri jambo jingine, kwa kuwa leo ni siku ya kukiri. Nilipofika dukani, kabla sijapangusa uso, nilifungua ukurasa kuangalia. Tangu Jumatatu, kwa maneno mapya, picha imetazamwa na watu sita. Na kidole changu, chenyewe, kilikwenda kwenye sehemu ya kuhariri. Nilikuwa nimeshaandika herufi tatu za Serengeti ndipo nikajiona.

Sijui nitamweleza nani hilo zaidi ya hapa.

Nilimpigia mama saa sita. Nilipanga kumwambia kwamba picha zilikuwa nyingi. Nikashindwa, nikamwambia yote, pamoja na daftari, pamoja na neno lake na idadi yake. Alisikiliza. Nyuma yake nilisikia makopo yakigongana kwenye kamba, maana alikuwa juu ya dungu, amevuta kamba kutisha ndege huku simu ikiwa sikioni.

Akaniuliza, "Wanne hao ni akina nani?"

Nikamwambia siwakumbuki ila Frida.

"Mwaka jana ng'ombe waliingia shambani kwangu, nikashinda ofisi ya kijiji siku tatu na mahindi ya kuchoma mfukoni, namtafuta mfugaji wao. Leo wewe mwanangu ndiye umenipa ng'ombe."

Nikasema mama nisamehe.

Akahamia Kindamba, ambacho hukitumia akiwa hana mchezo. Alisema mengi na mengine ni ya kwetu wawili. La mwisho alilirudia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemwagiza mgeni dukani:

"Kwenye ule msumari nitatundika kombeo. Jumamosi uje. Ndege ni wengi mwaka huu, njoo na mikono. Makaratasi yako yaache hukohuko."

Akakata.

Bi Zaituni amerudi. Ameniona uso, akaniletea chai ya tangawizi bila kuuliza, kisha akashindwa kuvumilia akauliza, "Wamekuchukua?" Nikatikisa kichwa. "Basi wajinga," akasema. Nilitaka kumwambia hapana, Bi Zaituni, wajinga si wao. Nikanywa chai.

Jumamosi ni siku yangu ya daftari. Jumamosi hii nitapanda gari la Mlimba alfajiri nishukie Mbingu. Nitapanda ngazi, nitaruka kidato cha tatu, na nitarusha udongo hadi bega liume. Sitachora. Kama mama atasimama tena na shuka lake, jua likiwa nyuma yake na ndege wakiinuka, nitaangalia tu. Sijui kama nitaweza. Naogopa zaidi kwamba nitaweza.

Daftari sijalichoma. Nilifikiria, lakini ni ushahidi, na ushahidi ni wa kutunzwa hata ukiwa dhidi yako.

Mashine imepoa, mvua bado. Kabla sijachapisha maandishi haya, ukurasa umenionyesha kile kisanduku chake cha chini, kinaomba maneno ya kuwasaidia watu wanipate. Najua ya kuweka. Hakuna anayejua kuliko mimi. Nina daftari zima.

Nimeweka moja.

Mama.

Halivuti. Silifuti.