Tulikubali Kupisha

Bukene, 4 Machi 2025

Mwanangu Modest,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, ila magoti yananitesa. Huko Tabora, mtaani Chemchem, hamjambo?

Mwanangu, makubwa! Wale wa bandari kavu (bandari gani haina hata kidimbwi?) walituletea fomu: "Nakubali kupisha mradi." Tukasema, haya, mwenye mzigo si hupishwa? Unasogea, anapita, unarudi njiani. Nikatia sahihi. Jana wamenipigia X nyekundu ukutani, eti nihame kabla ya Mei! Nihamie wapi? Shamba la karanga nalo limo kwenye eneo lao, na baba yako kalala humo humo.

Wewe uko ofisini kwao. Waulize nani kaandika neno hilo. Huyo hana mama.

Mama yako,
Kabula

Tabora, 29 Machi 2025

Shikamoo mama,

Sijambo. Pole kwa magoti, na nisamehe kuchelewa.

Mama, mizigo ya Kongo na Burundi itashukia hapo, vijana watapata ajira. Kiofisi, kupisha ni kuhama moja kwa moja. Fomu ilikuja kwa Kiingereza, nikaitafsiri mimi. Niliandika "kuhama", bosi akasema linatisha, watu watagoma. Nikalibadili. Wallahi sikujua ramani itafika kwetu.

Mwanao,
Modest

Bukene, 6 Aprili 2025

Modest,

Marahaba. Ingefika kwa wengine ingekuwa sawa?

Babu zetu walipita njia hii na pembe za ndovu, mali ya watu, mabegani, lakini walijua wamebebeshwa. Sisi tumebembelezwa. Mzee Dionis, mwenyekiti wetu, ameitisha mkutano Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Njoo utueleze kwa Kinyamwezi neno ulilolifuta, tupate la kupeleka wilayani.

Mama

Bukene, 14 Aprili 2025

Mwanangu,

Hujambo? Tulikungoja mpaka saa tisa. Watu wakaanza kuondoka, wengine wakinicheka: mwanao kashiba huyo. Uchungu ulinipanda, nikasimama nikawasomea barua yako yote, mpaka jina. Leo Dionis ameipeleka wilayani iwe ushahidi.

Utaitwa. Najua watakufukuza, na nimekulilia tangu alfajiri, lakini sikuwa na karatasi nyingine. Wakikufukuza, rudi nyumbani, kama itakuwa bado ipo.

Mama yako,
Kabula