Nakala Iliyosimama Ijumaa

Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri ikakoma, joto limebaki. Miguu inaniuma na sina hamu ya chakula.

Leo ilikuwa siku ya matengenezo ya seva ya hospitali yetu. Kumbukumbu zote za wagonjwa zimo humo, katika mashine pepe moja, yaani kompyuta isiyo na mwili wake wenyewe. Zamani, kila nilipoifungua seva kubadilisha diski au kufuta vumbi, kazi yote ilisimama, na watu walikaa mabenchini wakinitazama. Wiki iliyopita tuliweka seva ya pili katika stoo ya dawa. Kila baada ya dakika chache hupokea mabadiliko yote ya mashine ile, ili ya kwanza ikizimwa, nakala ishike kazi.

Niliwaahidi madaktari kwamba hakuna atakayehisi chochote.

Saa tatu niliizima seva kuu, nikaiwasha nakala. Mapokezi waliendelea kuandikisha wagonjwa. Nilifurahi, nakiri, kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Nikaifungua seva kuu mezani, nikatoa diski.

Ndipo alipoingia Bi Maryam, akasema ameambiwa mapokezi kwamba baba yake hamo katika kumbukumbu. Baba yake, Mzee Khamis, ni fundi cherehani wa Kisiwa Panza, amelazwa kwa maradhi ya moyo tangu Jumamosi. Leo mchana alikuwa apande boti bandari ya Mkoani, apelekwe Unguja. Barua yake ya rufaa na vipimo vyake vyote vilikuwa katika kumbukumbu. Kwenye nakala hakukuwa na hata jina lake.

Nilitazama saa ya mwisho ya kunakili. Ijumaa, kabla ya sala.

Nikaelewa. Ijumaa kazi husita, na anayetoka mwisho stoo huzima swichi kuu. Mara hii alikuwa Bi Zuhura, msimamizi wa stoo. Aliporudi akawasha, na seva ikawaka yenyewe. Lakini kunakili hakuanzi tena mpaka mtu aamuru. Asubuhi mimi niliona taa ya kijani nikaridhika. Saa sikuitazama.

Nilimlaumu Bi Zuhura mbele ya watu, tena kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "karatasi ya mlangoni umeiandika wewe."

Ni kweli. Hati ni yangu: Atokaye mwisho azime umeme wote. Niliibandika kwa kuogopa moto, kabla stoo haijawa na seva.

Daktari alitaka kuiandika barua upya kwa anayoyakumbuka. Bi Maryam alikataa. "Baba hendi Unguja na barua ya kukisia." Wagonjwa walioandikishwa asubuhi niliwanakili karatasini wasije wakapotea nao, kisha nikarudisha diski, nikaifunga seva kuu na kuiwasha. Barua ilipotoka, boti ilikwisha kuondoka. Nyingine ni kesho.

Nilikwenda wodini kumweleza Mzee Khamis mwenyewe. Nilimwambia kwamba nakala haikujua lolote la baada ya Ijumaa.

"Basi humo mimi bado niko Panza, mzima, nashona," akasema. "Ungeniacha hukohuko."

Alicheka mpaka akashika kifua. Bintiye hakucheka.

Mimi pia sikuweza.

Nimeibandua karatasi ile. Iko hapa mbele yangu. Bi Zuhura alikuwa amekwenda nyumbani nilipotoka wodini, na labda nilifurahi kutomkuta. Hilo nalo nalikiri. Nilimlaumu hadharani, kumwomba radhi pembeni hakutatosha. Kesho nitasimama palepale mlangoni pa stoo, mbele ya walewale.

Lakini kwanza nitapita wodini, nihakikishe barua imo mkononi mwa Bi Maryam. Mwenyezi Mungu amfikishe mzee yule Unguja. Aibu yangu inaweza kungoja. Moyo wake sijui.