Dhahabu Yenye Matundu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimetimiza miaka thelathini na minane nje ya kwetu. Dada yangu kapiga simu asubuhi, kama kila mwaka. Kaka, unarudi lini, chumba chako tumekipaka rangi tena. Nikamjibu kama kawaida: figo. Daktari hataki niende mbali na hospitali mpaka ijulikane kama zinavujisha protini. Vipimo vyao havisemi ndiyo wala hapana. Mwaka wa pili huu.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu wangu, fundi wa maabara, kaniandikisha kwenye majaribio ya kifaa chao kipya. Kidogo, kama kifungo cha koti. Juu yake utando wa dhahabu wenye vitundu visivyoonekana kwa macho.

"Dhahabu yenye matundu?" nikamwambia. "Sonara angefungwa."

"Babu, matundu ndiyo mali yenyewe."

Kumbe kila kitundu kina kuta, na kutani wamepachika vitu vya kunasia protini. Utando bapa una nafasi chache. Huu ni kama dodoki — kwa nje kipande, kwa ndani uwanja. Hata chembe mbili tatu za protini hazipiti bila kunaswa.

Kaniomba nitafsiri kwa Kiswahili fomu ya kukubali majaribio, ya wazee wenzangu. Nikaandika "kifaa kilichotobokatoboka". Nikafuta. Nani atakubali kupimwa na kitu kibovu? Nimeweka "chenye vinyweleo", kama ngozi. Atakayedhani kina manyoya nitamweleza.

Jumanne, 11 Machi
Mkojo wa asubuhi, siku ya sita mfululizo. Vichupa nabeba kwenye mfuko wa vitabu. Jirani kauliza nasoma nini siku hizi. Kitu chepesi, nikasema. Majimaji.

Ijumaa, 14 Machi
Majibu! Mjukuu kayaleta mwenyewe, koti la maabara hajavua. Figo hazivujishi kitu. Kifaa kimerudia mara tatu. Hospitali nao wamepima upya, wameafiki. Daktari kasema niende nitakako.

"Mbona umenuna, Babu? Umefaulu."

Nilikuwa natafuta furaha, siioni. Figo ndizo zilizokuwa zikinisemea.

Kabla sijajipanga, mjukuu kampigia dada yangu, kamwambia yote. Sasa simu iko mezani, spika wazi. Haya kaka, huna tena kisingizio, taja tarehe. Nimemwambia asubiri, nachukua kalamu niiandike. Wote wawili wanasikia ninavyoandika.

Sitarudi.