Zamu ya Annika Kuombea Supu

Verlin, mume wangu,

Nimewahi kanisani kupika supu ya njegere ya Kwaresima. Njooni saa kumi na moja jioni, kabla ya ibada. Mikate iko juu ya jiko, uje nayo. Watoto wavae buti, theluji bado ipo.

~~Soren asitazame katuni, bado ana adhabu ya ile biskuti.~~ Mwache atazame. Adhabu imekwisha. Sababu ni hii, na ukicheka tutakosana.

Asubuhi nilijificha gerejini kwetu, ndani ya pikapu, natafuna chokoleti. Ndiyo, mimi niliyewaapisha nyote kuacha vitu vitamu mpaka Pasaka! Mara mlango ukafunguka, Annika akapanda, akafunga mkanda kabisa.

"Mama, unakula nini?"

"Dawa ya koo."

"Haya, tuombe upone." Akafumba macho. "Mungu, msamehe mama tena, kama ulivyomsamehe jana na juzi. Amina."

Juzi, Verlin! Siku tatu ananiona, na hajamwambia mtu. Na mimi nilimsema Soren mbele ya bibi yake kwa biskuti moja tu. Nitamwomba radhi mwenyewe leo, usinitangulie.

Sasa, leo zamu ya kuombea supu mbele ya kanisa zima ni ya Annika. ~~Mwambie asinitaje.~~ ~~Mwambie ataje jina moja tu, lako.~~

Mwache aombe anavyojua. Mimi nitasimama karibu naye.

Mama