Yowe Langu Kwenye Picha Mpya

Jumapili, alasiri. Mawingu yameukalia mji tangu asubuhi na mvua hainyeshi, joto tu. Sikwenda kanisani. Nimekwenda Makorora, nimerudi, na sijavua hata viatu.

Mnaopita hapa mnaujua mchezo wangu. Natazama picha ya kutisha ya zamani, kisha natazama ile iliyotengenezwa upya, kisha nalalamika. Nimefanya hivyo kwa picha za Wazungu, za Wahindi, hata za Wajapani. Karibu kila mara naishia kusema lile lile: ya zamani ilinitisha, mpya imenishtua tu.

Leo ni zamu ya picha ambayo mimi mwenyewe nilikuwamo.

Sijawahi kuandika hapa kwamba niliwahi kuwa mzuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Bakari, kijana wa Usagara tuliyekuwa naye kwenye kikundi cha maigizo, aliazima kamera ya kupigia harusi na akapata ruhusa ya kutumia nyumba moja kuukuu kule Raskazone, ya ghorofa, ngazi zake za mbao zikilia kila ukikanyaga. Hadithi ilikuwa ya mwali aliyekufa siku moja kabla ya harusi yake, akakataa kuihama nyumba. Mwali nilikuwa mimi. Tulijipaka unga wa muhogo usoni. Mpiga kinanda hakutokea, kwa hiyo picha nzima haikuwa na muziki, na huo ndio uliokuwa uzuri wake. Mtazamaji anasikia ngazi. Anaona pindo la kanga. Anasubiri. Kwenye vibanda vya video watu wazima walikuwa wakisimama na kutoka nje kuvuta pumzi.

Niliupenda ule woga wao. Kwa miezi kadhaa watoto wa mtaani walikuwa wakiniona wanakimbia, nami najichekea.

Baba hakucheka. Alikuwa Mlutheri wa Lushoto aliyeshuka kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akastaafu, akapanga nyumba Makorora. Pia alikuwa mzee wa kanisa. Tulipoanza tu kupiga picha, waumini walimuuliza kama ni kweli binti yake anajipaka unga na kujifanya pepo. Tuligombana wiki nzima. Siku ya nane nikabeba nguo zangu, nikaenda kukaa kwa rafiki.

Siku ya mwisho ya kazi ilibaki sehemu moja. Mwali anafika juu ya ngazi, anakuta chumba chake kimepewa bibi harusi mwingine, anapiga yowe. Nilijaribu tangu asubuhi, na yote yaliyotoka yalikuwa mayowe ya mtu aliyeona mende. Saa nane mchana Bakari alipanda ngazi akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Mama Hoza kaileta sasa hivi," alisema.

Mama Hoza alikuwa jirani yetu. Mwandiko ulikuwa wa baba. Aliandika kwamba yeye na mama wanapanda basi siku ile ile saa sita mchana, wanarudi Lushoto moja kwa moja. Nikifika kabla ya hapo tutakwenda wote, na maneno yamekwisha. Nisipofika atajua nimechagua.

Saa sita ilikuwa imepita zamani. Nilipiga yowe, na kamera ilikuwa inarekodi.

Wiki mbili baadaye nilipanda Lushoto. Baba aliingia chumba cha ndani akafunga mlango. Nilimwambia nikiwa nje ya mlango kwamba barua ilinifikia imechelewa. Akajibu mara moja tu: "Mama Hoza aliifikisha saa mbili asubuhi." Nikaamua Mama Hoza ni mwongo, kwamba alizurura nayo sokoni nusu siku kisha akajisafisha kwa baba. Baba alifariki miaka mitatu baada ya hapo. Ule mlango ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Mama Hoza nilimchukia miaka yote hiyo. Nikikutana naye, shikamoo yangu ilikuwa ya kumtupia, bila kusimama.

Sasa jana. Bakari ni mwongozaji mkubwa siku hizi, na ameitengeneza upya picha yetu. Uzinduzi ulikuwa jana mchana kwenye ukumbi mmoja Raskazone. Sikualikwa. Mwalimu mwenzangu alikuwa na tiketi ya ziada, nikaenda nikakaa safu ya nyuma.

Nitajitahidi kutenda haki. Picha ni safi. Kwenye yetu ulikuwa unaona mkono wa mtu aliyeshika taa. Binti anayecheza mwali anajua kazi, macho yake yanasema mengi. Lakini mzuka anaruka. Macho yanawaka mekundu kwa kompyuta. Damu inatiririka ukutani, na sisi hatukuwa na hata tone. Muziki unatangulia kila kitu, unakuambia sasa ogopa, sasa tulia. Halafu kuna dakika kumi nzima za kueleza mwali alikuwa nani, nani alimwekea sumu na kwa nini. Kitu ukishaelezwa namna hiyo unakionea huruma, hukiogopi.

Nilikuwa nimeanza kupanga sentensi za kuandika hapa. Ndipo mwali mpya akafika juu ya ngazi, akafungua kinywa, na ikatoka sauti yangu.

Mtu anaijua sauti yake. Mwishoni lile yowe linavunjika kidogo, kama kitambaa kinachochanika. Ni langu. Wameliondoa kwenye mkanda wa zamani wakalitia kwenye kinywa cha mtoto wa watu.

Picha ilipokwisha, watu waliruhusiwa kuuliza maswali. Mtu mmoja akauliza lile yowe lilipatikanaje. Bakari akacheka kwenye kipaza sauti.

"Lile ni la picha ya kwanza, sijapata jingine la kulifikia," alisema. "Mwigizaji wangu alikuwa hawezi kabisa. Nikawa na barua yake ya nyumbani, nimeletewa asubuhi, naijua itamliza. Nikaiweka mfukoni. Nikangoja mpaka kamera iko tayari, ndipo nikampa. Uongozaji ndio huo, jamani!"

Ukumbi ulipiga makofi.

Nilimngojea nje, karibu na magari. Aliponiona alisita, kisha akafungua mikono.

"Eliza! Dada'angu! Mbona hukusema unakuja?"

"Barua ilifika saa ngapi?"

"Eliza, ni miaka ishirini na kitu."

"Saa ngapi, Bakari?"

Aliangalia viatu vyake. "Asubuhi. Lakini sikuifungua, wallahi. Sikujua imeandikwa nini. Niliona ni ya mzee tu."

"Ilisema nifike kabla ya saa sita."

Nilifikiri ataomba radhi. Akanishika bega, akasema taratibu, "Basi angalau hukulia bure. Yowe lako limedumu."

Niliutoa mkono wake begani. Wakati ule ule yule binti aliyecheza mwali akaja mbio, anataka tupige picha. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye wa kwanza."

"Marahaba. Na wewe sauti yako iko wapi?"

Tabasamu likamfifia. "Nilipiga, mama. Siku tatu nilipiga. Waliitoa."

"Waliitoa kwa kuwa haikufaa," nikamwambia.

Macho yake yalijaa machozi mbele ya wageni wake. Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda mfupi nilifurahi sana.

Leo asubuhi, kwa hiyo, Makorora. Mama Hoza alikuwa ametoka ibada ya kwanza, amekaa barazani anachambua mchele. Amezeeka, jicho moja halioni vizuri. Niliinama nikamwamkia kama inavyopasa.

"Marahaba, mwanangu. Leo umesimama."

Nilimweleza yote: barua, mfuko wa Bakari, ukumbi. Nikamwomba anisamehe. Hakushangaa hata kidogo.

"Mimi niliiweka mkononi mwa yule kijana saa mbili," alisema. "Nilikuja kukwambia baada ya msiba wa baba yako. Ulinifungia mlango."

Ni kweli. Nilimfungia.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Nami niliwasindikiza stendi. Basi lilikuwa bovu siku ile. Waliondoka saa kumi. Baba yako alikataa kukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni muda wote anatazama barabara, mpaka dereva akamfokea."

Saa kumi.

"Wewe ulipoisoma barua ulifanyaje?" aliniuliza.

"Nilikimbia nyumbani, mama. Nikakuta pamefungwa."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanimiminia chai. Niliinywa yote. Nilikuwa nimemdanganya, na yeye ndiye mtu ambaye nilikuwa nimetoka kumwita mwongo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hapa hakuna anayenitazama usoni, kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa. Nilipiga lile yowe la kwanza, la barua, nikakaa chini kwenye ngazi nikalia. Bakari akaja akasema kamera imetikisika, halifai. Hakunishika kwa nguvu. Hakunifungia mlango. Aliuliza tu kama naweza kurudia. Nami nikaenda kunawa uso, nikapakwa unga upya, nikapanda tena. Tulirudia mara mbili. Lililotumika ni la tatu. Pale mwishoni, panapochanika, nilipachana mwenyewe, kwa makusudi, kwa sababu tayari nilikuwa nimejua linavyotakiwa kusikika. Nilipomaliza kila mtu pale ndani alikuwa kimya, na mimi nikaona raha mwili mzima. Baadaye tulikula. Nilitoka katika nyumba ile saa kumi na moja.

Jana Bakari alijisifia barua, nami nikamwacha ajisifie, kwa sababu hadithi yake inanifaa kuliko yangu.

Kutoka Raskazone mpaka stendi ni safari fupi, hata kwa baiskeli. Tangu saa nane mpaka saa kumi nilikuwa na saa mbili nzima. Sikujua kwamba basi ni bovu, hilo ni kweli. Lakini sikwenda kutazama.

Kesho nina vipindi vitatu asubuhi. Nikimaliza nitarudi barazani kwa Mama Hoza nimwambie hili nililoliandika hapa. Je, nitaweza kulisema kwa sauti?