Barua Zilizosafiri Bila Mimi

Agua Seca, Arizona
16 Novemba 1997

Kwako Dada Ardis,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi, na za moto kama jua la huku. Natumaini zitakukuta mzima, goti limetulia, na theluji bado haijakufungia mlango. Je, mchungaji mpya angali anahubiri mpaka kahawa ya ukumbini inapoa? Na yule paka wako kipofu, bado anapigana na fagio? Mimi sijambo. Presha ni ile ile, meno ni yale niliyobakiwa nayo. Nakula, nalala, nashukuru.

Kabla hujaendelea, vuta kiti ukae. Najua barua zangu huwa unazisoma umesimama kwenye sinki, miwani puani na mikono ina sabuni. Hii usiisome hivyo. Nina jambo la kukuambia, na nachelea kwamba ukishalijua hutaniandikia tena. Nitalifikia polepole, maana mimi ni mwoga, na wewe ndiye uliyekuwa ukinifukuzia jogoo wa mama nisidonolewe, kwa hiyo woga wangu unaujua.

Nianze na majirani. Watu wanaokimbia baridi ya kaskazini wamerudi, na kambi yetu ya matrela imejaa tena. Kushoto kwangu, namba 30, wamerudi Royce na Twyla Guidry wa Louisiana. Wana lile basi lao lenye vyumba viwili, refu kama kanisa letu, na dishi la televisheni juu. Wakishaegesha tu, Royce anatandika zulia la nyasi za plastiki, halafu analifagia. Analifagia, Dada! Mimi na trela langu la bati la mwaka 1974 tunaonekana kando yao kama ndoo iliyosahauliwa. Kulia kuna kijana anayelala ndani ya gari la mizigo, anakula maharage kutoka kwenye kopo na kuoga akikumbuka. Twyla anasema kijana huyo ana harufu ya mbuzi lakini ana adabu kuliko maaskofu, na ni kweli, maana hapa adabu haipimwi kwa sabuni.

Nimekwisha kukuandikia kuhusu adabu zetu, ila sikukueleza vizuri. Huku kila mtu ana kiwanja chake, hatua kumi kwa ishirini, na hakuna ua wala ukuta. Kwa hiyo ukuta tunaubeba vichwani. Hukatizi kiwanja cha mwenzio hata kama choo kiko upande wa pili na tumbo limekuvuruga, unazunguka. Mtu akiwa anafunga trela lake kwenye gari humsemeshi, asije akasahau pini likaserereka. Viti vyake vikiwa nje, unaweza kusimama barabarani ukamsalimu. Akiviingiza ndani, hupigi hodi. Humuulizi mtu ametoka wapi kabla hajasema. Na mgeni akija kuuliza jirani yako yuko wapi, humjui, kwa sababu wapo wanawake humu waliokimbia vipigo, na wanaume waliokimbia mambo mengine. Lavonne wangu alizipenda sana adabu hizi. Alikuwa akisema hapa ndipo mahali pekee duniani watu wanapokujali kwa kukuacha.

Wakati ule alikuwa nami. Kuachwa na watu mkiwa wawili ni raha. Ukiwa peke yako ni jambo jingine kabisa.

Siku ya mazishi yake ulinishika mkono pale mlangoni pa kanisa ukaniambia nimeshafika umri wa kutulia, niuze trela, chumba cha juu kwako kiko tupu. Nami nikajibu kwa sauti, binamu zetu wote wakisikia, kwamba mimi na nyumba yangu ya magurudumu tutakuwa Montana kabla theluji yako haijayeyuka. Watu walicheka. Wewe hukucheka. Nilirudi huku Arizona nikiwa na hasira na wewe, na hasira ile ilinisaidia sana mwezi wa pili na wa tatu.

Mwezi wa nne nikajaribu kuondoka. Nilifunga kila kitu, nikachomoa waya wa umeme na mpira wa maji, nikaendesha hadi getini. Pale getini nikaona nirudi kwanza nijaribu kuliegesha kiwanjani kwangu, maana kila kambi utakayofika lazima utarudi kinyumenyume kuingia kiwanjani. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukifanya? Mimi kwenye usukani, Lavonne nyuma na kofia yake ya njano, namwona kwenye kioo, ananionyesha kwa mkono: kushoto kidogo, tena kidogo, basi. Miaka kumi na tisa. Sikuwahi kujua kama nilikuwa dereva mzuri au nilikuwa mtu mwenye mke. Siku ile nilijua. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi nyuma, dakika arobaini, na kila nikitazama kioo naona vumbi tupu. Watu walikuwa wamekaa nje na kahawa zao. Adabu inasema usimwingilie mtu anayeegesha mpaka akuombe. Sikuomba. Basi mmoja baada ya mwingine wakageuza viti vyao upande wa pili ili wasinione. Walinifanyia hisani, Dada, nami nilitamani angalau mmoja wao anizomee.

Mwishowe nilivunja bomba la namba 30. Maji yakaruka mpaka kwenye nyasi za plastiki za Royce. Alikuja taratibu, akanyoosha kiganja, nikampa funguo, akaliingiza trela kiwanjani kwa mkupuo mmoja. Akaziweka funguo juu ya kiti changu, akaenda zake. Nami nikaviingiza viti ndani.

Sasa sikiliza. Tangu siku hiyo gari langu halijavuta trela hili hata hatua moja. Sikwenda Utah. Sikwenda Colorado. Montana sijaiona mwaka huu. Barua zote tano ulizopokea kiangazi niliziandika wiki moja ya Aprili, hapa hapa, kwenye meza hii inayokunjwa, na kila jirani aliyekuwa anahama nilimpa moja akaiposti aendako. Nyuma ya kila bahasha nilibandika kikaratasi chenye tarehe ya kuituma. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Unajua tena, adabu. Mwezi wa sita ulilalamika kwamba sijibu unachoniuliza. Ningejibuje, Dada, na barua ya Juni niliiandika Aprili? Majibu yako yalinifikia kama kawaida kupitia yule mama wa Dakota Kusini anayetusambazia barua sisi watu wa magurudumu, nikayasoma moja moja, nikayaweka ndani ya sufuria ya Lavonne ambayo siipikii.

Yale niliyokuandikia kuhusu ziwa, na ule ukungu wa asubuhi, na dubu aliyeiba soseji, yote ni kweli. Yalitokea mwaka 1991, tukiwa wawili. Nilibadilisha mwaka tu, na nikamtoa Lavonne kwenye picha. Kumtoa huko kulinichosha kuliko kitu chochote.

Kiangazi cha huku hakikuumbwa kwa ajili ya binadamu. Wote waliondoka. Tulibaki mimi na Nadine, msimamizi wa kambi, naye alikuwa na kibanda chake mwisho wa barabara na viti vyangu viliendelea kuwa ndani, basi hakupiga hodi. Siku ulipokuwa ukisoma kwamba nimevaa koti nikiwa kando ya ziwa, nilikuwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la barafu, kitambaa chenye maji kichwani. Ilifika mahali nikakaa siku tisa sijasema neno. Siku ya kumi Nadine alinipungia mkono, nikataka kusema habari za asubuhi, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nilijisikia vibaya, nikageuka nikaingia ndani. Ningeweza kukupigia simu kutoka ofisini kwake, najua. Ningesingizia masikio yako, kwamba hayapatani na simu. Ukweli ni kwamba ungeisikia sauti yangu ukajua.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, na nilikuwa nimepanga kuendelea nayo. Nilikwisha kuandika ya Krismasi. Nilikuwa nimpe kijana wa maharage aipeleke California.

Jumanne iliyopita, mchana, viti vyangu vikiwa ndani na pazia nimeshusha, nilisikia miguu kwenye kokoto. Twyla Guidry alikuwa amekatiza kiwanja changu katikati. Hakuzunguka, na hakupiga hodi. Alipiga mlango kwa ngumi. Nilipofungua alikuwa analia, na ana hasira kama mtu aliyeibiwa. Akaniambia, “Sikiliza wewe mzee. Mimi barua zako sibebi tena. Mimi si tarishi wa shetani!” Nikamwuliza kulikoni. Akaniuliza kama nina dada mwenye gari la kijani na kofia ya kufuma, anayetembea akichechemea.

Nilikaa kwenye ngazi, Dada.

Akanieleza kwamba tarehe ishirini na moja Julai ulifika pale kambini Montana. Alikuwa ameiposti barua yangu mwanzoni mwa mwezi kama nilivyomwagiza, ile iliyosema nitakuwa kiwanja cha kumi na mbili kando ya ziwa mpaka baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Uliendesha maili mia tisa, na miaka yako sabini na sita, na goti hilo. Ulikuwa ukikatiza viwanja vya watu, unapita mbele ya meza zao wakila, watu wanakukodolea macho, na kila mlango unauliza: “Mnamjua Verlyn? Mrefu, mkaidi, ana trela la bati.” Ulifika kwa Twyla. Naye, kwa adabu zetu, akakutazama usoni akakwambia, “Hapana mama, simjui huyo.”

Anasema ulikwenda ukakaa kwenye benchi la namba kumi na mbili, kiwanja kitupu, na bati la lefse mapajani. Zile chapati za viazi za mama. Ulikaa siku mbili. Ulilala ndani ya gari. Kila gari lililoingia uliinuka. Siku ya tatu asubuhi ulimpelekea Twyla bati lile, ukamwambia wazile wao zisije zikaharibika, huenda nimepata dharura. Halafu ukamshika mkono na kumwambia, “Mwanangu, ukija kumwona, usimwambie nilikuja. Ataona aibu.”

Twyla anasema alizila, na tangu Julai hajalala vizuri. Royce alimkataza kusema. Mambo ya jirani ni ya jirani. Alivumilia miezi minne. Nilipomwona kwa mara ya kwanza wiki iliyopita nikamwuliza habari za ziwa, akajifanya anatafuta miwani.

Alipoondoka nilifungua ile sufuria, nikatoa barua yako ya Agosti. Umeandika kwamba umefurahi kusikia ziwa lilikuwa zuri, na kwamba wewe hukutoka kiangazi chote, nyanya zilikufunga nyumbani. Umeniuliza nilivua samaki wangapi. Niliisoma mara nyingi mpaka macho yakaisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu uliiendesha maili mia tisa kwenda na mia tisa kurudi, kisha ukakaa chini ukaniuliza habari za samaki.

Sijui naombaje msamaha kwa jambo kama hili. Naomba tu.

Lakini kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niichane barua ya Krismasi na kuandika hii. Twyla alipokuwa akinieleza, akilia, mimi nikiwa pale kwenye ngazi, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, na ipo, imejaa tele. Kitu cha kwanza kilikuwa furaha. Mungu anisamehe. Wewe unateseka kwenye benchi, na mimi nafurahi kwamba yupo mtu duniani aliyekuwa akiuliza nilipo, mlango kwa mlango, bila adabu hata chembe.

Chumba cha juu sijakikataa, na sijakikubali. Tutazungumza. Ila najua siwezi kuamua jambo lolote tena kwa kuandika. Njoo, Dada. Goti likikataa gari, panda basi, nitakupokea mjini. Ukija na gari, ingia getini, shika barabara ya pili, hesabu mpaka thelathini na moja. Usimwulize mtu. Nimetoa viti vyote viwili nje na nimevielekeza barabarani, na nitakuwa nimekaa kwenye kimoja, tangu asubuhi mpaka jua linazama, kila siku, mpaka uje. Safari hii utanikuta.

Nisalimie mchungaji, na Harriet wa nyumba ya pili, na binamu wote waliocheka siku ile. Twyla naye anakusalimu na anaogopa kukuona. Barua hii sijampa mtu. Naipeleka posta mwenyewe, kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako, niliyeko hapa hapa,

Verlyn